Magoti ya Baba Mkwe

Simrushi mtu ambaye sijampima kilo. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wanaofika kiwanjani kwetu Bahi hudhani kupanda ndege yangu ni kama kupanda bodaboda: unarusha mguu, unashika bega la dereva, mnaondoka. Nina mizani ya kupimia watu, nimeiweka juu ya kipande cha ubao kwenye kivuli cha banda, na kila abiria husimama pale na viatu vyake na kila kitu anachotaka kwenda nacho juu. Wanaume hujipunguzia kilo, wanawake hujipunguzia zaidi. Bwana shamba mmoja aliniapia kuwa ana sabini. Mizani ikasema tisini na mbili. Akainama kuitazama, akasema labda imezoea kupima magunia ya mpunga. Siku hiyo nilipunguza mafuta kwenye tangi ili tuweze kuruka, na yeye akashinda amenuna.

Ndege yenyewe ni ya watu wawili. Juu ina bawa moja la kitambaa lililokazwa kwa mabomba. Chini ya bawa kinaning'inia kigari cha magurudumu matatu, hakina mlango wala kioo cha mbele, na nyuma ya kigari kuna injini inayozungusha pangaboi. Watu wa Bahi huiita bajaji. Nimewakataza mpaka nimechoka. Rubani hukaa mbele, abiria hukaa nyuma yake, juu kidogo, na magoti ya abiria hupita kushoto na kulia kwa kiuno cha rubani, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuyaweka. Naomba msomaji ayaweke akilini magoti hayo.

Kazi yangu ni kutafuta kwelea kwelea. Ndege hawa wadogo wakishuka kwenye majaruba ya mpunga, mkulima anaweza kulala na shamba akaamka na mabua. Alfajiri naruka juu ya matete na vichaka kutafuta walikolala, nawaambia wenzangu wa chini, nao wanakwenda kushughulika nao. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba hilohilo. Mwenye shamba aliponunua ndege, alimpeleka kijana wa kiume kusomea urubani, naye akatapika siku tatu mfululizo. Wa pili akasema mke wake amekataa. Ndipo walipokumbuka kwamba kuna fundi mmoja mwanamke, mtoto wa Kondoa, ambaye hatapiki na hana mke.

Nikarudi na leseni na ukali. Mume wangu anasema ukali nilikuwa nao tangu zamani, leseni iliupa kibali tu. Kila asubuhi naizunguka ndege nikigusa kila nati kwa kidole, hata zile nilizozigusa jana. Naruka jua likichomoza, na ikifika saa tatu nataka niwe chini, maana jua la Dodoma likishapasha ardhi chamchela, vile vimbunga vya vumbi, huanza kuzunguka mbugani, na bawa langu ni kitambaa tu. Lakini ninachokigombania kuliko vyote ni mifuko. Kitu chochote kinachomchomoka abiria huko juu hakianguki chini, kinavutwa nyuma, na nyuma kuna pangaboi. Kalamu tu inatosha. Pangaboi likimeguka upande mmoja, injini inatikisika mpaka inataka kung'oka, na hapo hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa mimi. Kwa hiyo nawapapasa watu. Nafunga zipu zao kwa mikono yangu, navuta mikanda yao mpaka wanaguna. Kuna mkubwa mmoja wa kampuni ya picha nilimvua kofia ya jua mbele ya wafanyakazi wake, akabaki na upara wake unang'aa, na wala sikuomba radhi.

Nimewafokea watu wa kila cheo pale kiwanjani. Mmoja tu ndiye niliyeshindwa kumpapasa, na huyo ndiye aliyekaribia kutuua.

Baba mkwe wangu ni mzee wa Kigogo, mfugaji, anaishi kijijini mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Bahi. Tangu niolewe kwake, nimeongea naye nikiwa nimetazama chini, kama inavyompasa mkwe. Kwa miaka kumi nilizijua katambuga zake za tairi kuliko nilivyoujua uso wake. Sikai naye kwenye mkeka mmoja, sili naye, na akipita kwenye mlango mwembamba mimi nasubiri nje mpaka apite. Si kwamba tuna ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, heshima hiyo sikuwahi kuichezea.

Yeye ndiye aliyemwita mume wangu kijijini, akamwambia kwamba mama wa watoto wawili hana sababu ya kuning'inia kwenye kitambaa. Jumapili iliyofuata ukoo ungekaa nyumbani kwetu Nzuguni, na hapo ningeambiwa niache. Mume wangu ni mwalimu wa fizikia. Anaweza kukueleza ubaoni kwa nini bawa hubeba mzigo, kwa mishale na herufi, mpaka ukubali. Mbele ya baba yake huwa mwanafunzi wa chekechea. Nilijua mzee akisema niache, mume wangu naye atasema niache, halafu mimi itabidi nichague kati ya kazi yangu na nyumba yangu. Nililala nikiligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, na kila nilipojiuliza ningechagua nini sikupata jibu. Niliogopa hilo kuliko kuanguka.

Hasira ikanipa wazo. Nikamtuma mume wangu akamwombe baba aje aione ndege kwanza kabla ya kunihukumu. Nilitegemea mzee akatae, nami nipate la kusema kwenye kikao. Jibu likaja jioni.

"Amekubali," mume wangu akasema. "Atakuja Ijumaa."

"Vizuri."

"Ila amesema hatatazama akiwa chini. Anataka apande."

Tukatazamana. Kisha mume wangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Magoti," akasema. "Mama watoto, baba atayaweka wapi magoti?"

Siku mbili tulijadili magoti ya mzee yule kama bunge. Mume wangu akapendekeza tuweke mto katikati. Nikamwambia mto utaingia kwenye pangaboi. Akapendekeza baba akae mbele. Nikamwambia mbele ndiko kwenye usukani, labda kama yeye mwenyewe anataka kumrithi baba yake mapema. Akapendekeza nivae kanga tatu juu ya suruali. Kanga! Nyuma ya mtu aliyefunga kanga unatembea upepo, na nyuma ya upepo kuna pangaboi. Mwishowe akaenda kumwuliza mzee mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema, "Magoti yangu yamezeeka. Yakimgusa mtu, hata yenyewe hayana habari."

Ijumaa ilitulia vizuri, upepo ulikuwa kidogo na anga safi mpaka kwenye vilima. Mume wangu na baba yake walifika kwa bodaboda mbili kabla jua halijatoka. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama baba."

Alikuwa amejifunga shuka, juu yake amevaa koti lake la suti la kahawia, la harusi na misiba. Mkononi alishika fimbo yake fupi, ya urefu wa mkono, yenye kichwa cha mviringo kama ngumi ya mtoto. Fimbo hiyo haimtoki. Huonyeshea njia, huitia wajukuu, huhesabia ng'ombe, na mtu akisema upuuzi kwenye kikao huigonga chini mara moja na upuuzi unaishia hapo.

Nikaanza kuizunguka ndege. Katambuga zikanifuata hatua chache nyuma yangu.

"Hiyo nati, unaishika kila siku?"

"Kila siku baba."

"Jana ilikuwa imelegea?"

"Hapana baba."

"Juzi je?"

"Hapana."

"Sasa unaishikia nini?"

"Siku itakapolegea, baba, nataka nijue kabla ya kuruka."

Akaguna. Baadaye nikamsikia akimwambia mume wangu kwamba hata yeye ndivyo anavyohesabu ng'ombe, kila jioni, ingawa idadi anaijua. Nikajiona nimeshapata alama moja.

Kwenye mizani ikawa kazi nyingine. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe "panda hapo nikupime". Nikamwambia mume wangu, mume wangu akamwambia baba yake, na mimi nikageuka kutazama matete.

"Mnanipeleka mnadani?" mzee akauliza.

"Hapana baba. Ni utaratibu."

"Ng'ombe wangu wote wamepita mnadani na hakuna aliyerudi."

Akapanda. Kilo hamsini na nane, mume wangu akasoma kwa sauti. Mzee akamwambia mwanawe apande naye, tulinganishe. Themanini na saba. "Na mshahara wote unaniambia hautoshi," akasema. Nilicheka nikiwa nimewapa mgongo, mabega yakanisaliti.

Ikabaki fimbo. Nikaongea na matete tena. "Baba watoto, mwambie baba fimbo lazima ibaki chini."

"Ibaki na nani?" mzee akauliza.

"Na mimi baba," mume wangu akasema.

"Wewe umeanza lini kushika fimbo?"

Hata hivyo akaondoka, akazunguka nyuma ya banda, akakaa kidogo, akarudi. Kwa abiria mwingine yeyote ningefungua koti, ningekung'uta mikono ya koti, ningeshika mifuko yote. Kwa baba mkwe nilitazama mpaka mwisho wa macho yangu yanaporuhusiwa, yaani kwenye viganja. Viganja vilikuwa vitupu. Nikamwachia mume wangu amfunge mkanda na kumvalisha kofia ngumu yenye spika masikioni na maiki mdomoni, nikapanda mbele, magoti mawili yakaja kukaa huku na huku ya kiuno changu, mepesi kama vijiti, na nikaona aibu imenipanda mpaka kwenye nywele. Pengine ni aibu hiyo iliyonifanya niwashe injini haraka. Kosa ni langu na silipambi. Nimewahi kumfukuza fundi kiwanjani kwa kuacha spana kwenye kiti, halafu mimi mwenyewe nikamrusha mtu nisiyemkagua, kwa sababu eti ni baba wa mume wangu.

Tukaruka. Nimefunga kioo kidogo cha bodaboda kwenye bomba la juu ili nimwone abiria, na humo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu, nikamtazama baba mkwe usoni. Alikuwa na macho madogo yenye maji kwa sababu ya upepo, na alikuwa ametabasamu mdomo wazi, meno yote yaliyobaki yako nje. Sikutegemea. Nikaondoa macho haraka kama niliyechungulia chumbani kwa watu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Bahi yote ilikuwa imejaa maji, majaruba yanang'aa kama mabati mapya, na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imeegeshwa mahali ambapo mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona mbuzi. Mzee akaanza kuongea kwenye maiki, si na mimi, na nafsi yake. Kile kisima. Ule mkondo, kumbe unapinda vile. Pale alizaliwa, pale alitahiriwa, pale babu yake aliuawa na nyati. Nikamzungushia mduara mpana juu ya kijiji chake. Nakiri nilikuwa najipendekeza, nilitaka aone uzuri wote kabla ya Jumapili.

Ndipo alipowaona ng'ombe wake.

Aliwajua kutoka kule juu, sijui kwa rangi au kwa mwendo. Wanawe wadogo, mashemeji zangu, ndio waliokuwa zamu ya malisho, na kila wiki walimwambia ng'ombe wako mbugani, mbali, kwenye majani ya Mungu. Ng'ombe walikuwa katikati ya majaruba ya watu, mpunga ukiwafika tumboni, wanakula. Mashemeji zangu wawili walikuwa wamelala kwenye kingo, kofia usoni.

"Watoto hawa!" sauti ikapasuka masikioni mwangu. "Watoto wa nani hawa!"

Nikatazama kwenye kioo. Mzee alikuwa ameingiza vidole kwenye mkono wa koti lake, na kutoka mkononi humo akawa anachomoa, polepole, kitu cha urefu wa mkono. Kwanza kikatoka kichwa, mviringo kama ngumi ya mtoto.

Akainyanyua fimbo juu ya kofia yake, akaanza kuwatikisia wanawe. Kila alipoirudisha nyuma ili aitikise tena, ncha yake ilikwenda mahali ambapo sikuwa na kioo cha kunionyesha, lakini nilipajua. Kutoka kisogoni kwa abiria mpaka kwenye pangaboi ni umbali wa kunyoosha mkono, na yeye mkono alikuwa ameurefusha mara mbili.

"Baba," nikasema kwenye maiki, "naomba ushushe fimbo."

"Toeni ng'ombe! Toeni!"

"Baba! Shusha fimbo!"

Hakunisikia. Sauti ilimfikia, maana spika zilikuwa nzima, lakini mzee yule huitwa baba na nusu ya wilaya, na neno hilo huwa linampitia tu. "Mzee!" nikapiga kelele. Hilo ndilo halikumgusa kabisa. Fimbo ikarudi nyuma tena, nikasikia mlio wa injini ukabadilika kidogo, au nilidhani umebadilika.

Kuna swichi ya kuzima injini karibu na goti langu. Nimefundishwa na nimewafundisha wengine: ukiona hatari kwenye pangaboi, zima, bawa litakushusha taratibu kama mwavuli. Lakini bawa hushusha mahali palipo chini yake, na chini yetu palikuwa na maji na matete, na nyuma yangu palikuwa na mzee aliyefungwa mikanda asiyejua kuifungua. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye swichi. Nilikuwa nimebakiwa na neno moja.

Nikamwita kwa jina lake.

Si jina la ukoo, si baba fulani. Jina lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa. Mwenye kuzijua mila zetu ameshaelewa, na asiyezijua namweleza: mkwe hatamki jina la baba mkwe. Hata mtu mwingine akiwa na jina hilo, jirani au mwenye duka, mkwe humtafutia jina la pembeni. Kwenye vyeti vya wanangu limeandikwa mwishoni, nimelinakili kwenye fomu za shule na za hospitali, na mara zote karani akilisoma kwa sauti mimi huitikia kwa kichwa tu. Mdomoni mwangu halijawahi kupita. Siku ile lilitoka tupu, kwa sauti ileile ninayomwitia fundi aliyeacha spana kwenye kiti, na nikaongeza, "Shusha mkono! Sasa hivi!"

Mkono ukashuka. Kwenye kioo nikaona uso wake umetulia ghafla, mdomo wazi, macho yakitafuta.

"Nipe hiyo fimbo. Ipitishe begani kwangu, mbele, taratibu. Usiiachie mpaka niseme."

Akaipitisha. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto, nikiwa nimeshika usukani kwa wa kulia, na kwa kuwa ndege yangu haina mahali pa kuweka fimbo za wazee, niliibana chini ya paja na kuikalia. Hivyo ndivyo nilivyorudi kiwanjani, baada ya kutaja jina la baba mkwe, huku nimekalia fimbo yake, na magoti yake yakinitetemekea kiunoni. Au ni mimi niliyekuwa natetemeka. Nilitua vizuri, na nasema hivyo kwa majivuno, maana machozi yalikuwa yananizuia kuona njia.

Mume wangu akaja mbio. "Vipi baba? Umeonaje?"

"Fimbo yangu," mzee akasema.

Nikainuka, nikaichomoa nilipokuwa nimeikalia, nikapiga goti na kumpa kwa mikono miwili. Mume wangu akaitazama fimbo, akanitazama mimi, akatazama kiti. Mzee akapanda bodaboda na kumwamuru dereva ampeleke majarubani. Nasikia mashemeji zangu hawakukaa vizuri kwa wiki nzima.

Mume wangu nilimwambia habari ya fimbo. Habari ya jina sikumwambia. Siku mbili nilipika, niliosha, nilikagua daftari za watoto, na moyoni nilikuwa nimeshaaga. Mkwe aliyemfokea mzee anaweza kuombewa msamaha. Aliyemwita jina hana wa kumwombea. Mzee alikuwa na haki ya kulisema mbele ya wote, na akilisema, hakuna ambaye angejishughulisha kuuliza mambo ya pangaboi.

Jumapili wakaja. Baba mdogo kutoka Miyuji, karani mstaafu, mtu wa kupenda kikao kuliko chakula, alikaa kwenye kochi kubwa akafungua kwa maneno marefu kuhusu wajibu wa mama. Akataja ajali zote alizowahi kuzisikia redioni. Wanaume wengine wakaitikia. Mashemeji zangu wawili walisimama ukutani. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi, nikazijua zile katambuga kwenye zulia langu.

"Sasa kaka," baba mdogo akamaliza, "wewe umepanda. Tuambie."

"Nilipanda," mzee akasema. "Nilikatazwa fimbo. Nikaificha kwenye mkono wa koti."

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Huko juu nikaitoa. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na panga linazunguka. Kidogo tu, ningelikata, tungeanguka sote. Akanifokea."

"Amekufokea wewe!" Baba mdogo akainuka nusu. "Mnasikia? Alikwambiaje?"

Chupa ikawa nzito. Nikaibandika tumboni kwa mikono miwili. Mzee akaipangusa fimbo kwa kidole gumba.

"Aliniambia nilete fimbo. Nikaleta."

"Ndiyo, lakini alisemaje? Kwa maneno gani?"

Fimbo ikagonga zulia mara moja.

"Ninyi," mzee akasema, "tangu nimeota mvi mnaniambia ndiyo baba, ndiyo mzee, ndiyo kaka. Ng'ombe wangu wamekula mpunga wa watu msimu mzima na mliniambia wako mbugani. Huyu nilimdanganya mara moja, nikakatazwa hapohapo. Mwacheni arushe kitambaa chake. Mleteeni mtu chai."

Kikao kikaishia hapo, ingawa baba mdogo aliendelea kusahihisha mambo madogo mpaka chapati zilipofika. Nilimimina chai nikamwagia sahani tatu. Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha kulikuwa na mwiba, maana sikujua kwa nini amenifichia habari ya jina.

Alasiri nikamsindikiza mpaka barabarani, mimi nyuma, yeye mbele. Kwenye kona, pasipo na watu, akasimama.

"Lile ulilosema kule juu."

Nikapiga goti kwenye vumbi. "Baba, nisamehe. Sikuwa na..."

"Wa mwisho kuniita vile alikuwa dada yangu," akasema. "Mkubwa wangu. Tangu tumzike, jina hilo halina wa kulitamka. Wote mnaniita baba. Naliona kwenye kitambulisho tu."

Nikabaki kwenye vumbi, nikizitazama katambuga zake.

"Niliposikia kule juu," akasema, "nikadhani ni yeye ananigombeza." Akasimama vilevile, amenipa mgongo, hasogei, bodaboda inamsubiri upande wa pili wa barabara. Hakuomba chochote. Asingeweza kuomba.

Nikatazama huku na huku. Kisha nikalitaja tena, polepole, kwa sauti ya mtu anayeita mwenzake aje kula.

Akaitika.